Pampu Iliyojificha

Petroli ni kama maji ya kisimani: haipandi mpaka ivutwe au isukumwe. Jambo hili dogo liliwasumbua waunda magari tangu mwanzo. Chombo kilichopatikana mwishowe, pampu ya umeme yenye unene wa gunzi la mhindi, kimo leo katika karibu kila gari la petroli, na wenye magari wengi hawajapata kukitia machoni. Mimi chuoni nilifunzwa kufundisha sayansi. Ufundi wa magari niliuokota barabarani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nitaeleza kwa lugha ya darasani.

Ford Model T, lililotengenezwa kati ya 1908 na 1927 kwa idadi iliyopita milioni 15, halikuwa na pampu kabisa. Katika mengi tangi lilikaa chini ya kiti cha mbele, na petroli ikateremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Kilima kikiwa kikali na petroli ni chache, pua ya gari iliinuka juu kuliko tangi, injini ikazimika kwa kiu. Dereva mjuzi aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Watengenezaji wengine walitundika kitangi karibu na injini, kikavuta petroli kutoka tangi la nyuma kwa nguvu ya injini kufyonza hewa. Lakini dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, nguvu hiyo hupungua, yaani chombo kilichoka saa ile ile kilipohitajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaenea pampu ya kiwambo inayoendeshwa na kamshafti. Ilikuwa pampu nzuri, nyepesi kutengeneza, ikadumu zaidi ya miaka 50. Ila ilifungwa ubavuni mwa injini, penye joto, nayo ilinyonya petroli kutoka mbali.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Waliopata kuishi Makete wanajua kwamba maharage huchelewa kuiva kule. Hewa ya mlimani ina kanieneo dogo, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Sasa, kunyonya kimiminika ndani ya paipu ni sawa na kukipandisha Makete: kanieneo hupungua, nacho huchemka mapema. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huchemka kwenye nyuzi 40 hivi, joto ambalo paipu iliyo kando ya injini hulipita kwa urahisi. Mapovu ya mvuke yakiingia katika pampu, pampu hupiga bure, maana mvuke hubanwa na kutanuka lakini haubebi petroli mbele. Gari husimama katikati ya mlima. Madereva wa zamani waliizungushia pampu kitambaa kibichi, wakakaa kivulini. Ikisha poa, gari huwaka kana kwamba halikuugua, na abiria huanza kutoa maelezo yao, mengine ya kishirikina.

Dawa ilijulikana mapema: weka pampu karibu na tangi, isukume badala ya kunyonya. Lakini pampu ya kamshafti haiwezi kuiacha injini inayoiendesha. Umeme ndio uliokata kamba hiyo.

Waingereza walioifanya kazi hii vizuri ni kampuni ya SU, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa ukoo wa Skinner, watu wa familia ya biashara ya viatu mjini London. Kabureta yao ya kwanza ilitumia mvukuto wa ngozi, jambo lisiloshangaza kwa watoto wa wauza viatu. Mwaka 1926 kampuni ilinunuliwa na William Morris, na miaka michache baadaye ikaanza kuuza pampu za umeme.

Pampu ya SU ni kitu cha kufundishia. Umeme unapita katika koili, koili inakuwa sumaku, sumaku inavuta kiwambo, na petroli inaingia kwa vali moja. Kiwambo kikifika mwisho, kifaa kidogo cha kupinduka kinazitenganisha pointi ghafla, umeme unakatika, na springi inakirudisha kiwambo ikisukuma petroli itoke kwa vali ya pili. Kisha pointi zinagusana tena: tik, tik, tik. Uzuri wake ni kwamba kinachosukuma petroli ni springi, si umeme. Kabureta ikijaa, springi haina pa kusukuma, na pampu inanyamaza yenyewe mpaka ihitajiwe. Hakuna mtu wala mtambo wa kuiamuru. Naona akili nyingi zaidi humo kuliko katika vyombo vingi vya leo vyenye kompyuta.

Ilikuwa na kilema kimoja. Pointi ziliungua kwa cheche na kushika masizi, pampu ikagoma. Dawa ikajulikana duniani kote: igonge. Mwalimu mmoja mzee niliyefanya naye kazi miaka ya 1970 alikuwa na Morris Minor ambayo pampu yake ilikaa ndani ya boneti, na kila safari ndefu alishuka mara moja au mbili, akavua kiatu, akaipiga kwa kisigino. Watoto wa Skinner sijui kama walipata kusikia.

Angalia lakini kwamba katika Morris Minor pampu ilibaki upande wa injini, ikiendelea kunyonya. Umeme ulikuwa umeipa ruhusa ya kuhama, nayo haikuhama. Katika MGA ya 1955 pampu ilikaa nyuma, jirani na tangi. Land Rover nao walikwenda upande mwingine. Gari lao la 1948 lilikuwa na pampu ya umeme ya SU. Series II yenye injini ya lita 2.25 ilirudia pampu ya kamshafti, yenye kijiko cha kuipigia kwa mkono. Wengine wataita huko kurudi nyuma. Mimi nasema gari linalokwenda mahali pasipo na fundi wa umeme lilipewa pampu inayofaa mahali hapo.

Na pampu yoyote ya zamani ikifa kabisa, bado kulikuwa na dumu. Utingo alilifunga juu ya paa, akashusha mpira hadi kwenye kabureta, gari likaendelea kwa sheria ile ile ya Model T. Kabureta haidai nguvu nyingi. Presha ya baa 0.2 inaitosha.

Injeksheni ndiyo iliyoua dumu. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa D-Jetronic katika Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani, ukitumia hataza zilizotoka kwa kampuni ya Bendix. Petroli sasa ilipulizwa kwa presha ya baa 2 hivi, na mifumo iliyofuata ikadai 3 na zaidi. Ili dumu litoe baa 3 ungelipandisha mita 40 juu, ambako mnazi haufiki. Kiwambo na springi navyo havikuiweza kazi hiyo. Ilihitajika mota inayozunguka mfululizo.

Mota yenye nguvu ikiwa ndogo, hupata joto. Na shafti inayotoka kwenye mota kavu kuingia penye petroli huhitaji sili, na sili huvuja siku moja. Wahandisi wa zamani walitumia kiwambo kuweka cheche upande huu na petroli upande ule. Wahandisi wa Bosch wakafanya lililoonekana wazimu: wakaipitisha petroli ndani ya mota yenyewe, katikati ya koili na brashi zinazotoa cheche. Petroli ikawa ndiyo maji ya kupoza, sili ya shafti ikaondoka, na chombo kikapungua ukubwa.

Kwa nini hailipuki? Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ukizidi hapo, hewa haitoshi, na ndani ya pampu iliyojaa petroli hakuna hewa. Hilo lilifungua mlango wa mwisho. Kama mota inaweza kujaa petroli, inaweza pia kuzamishwa ndani ya petroli. Katika miaka ya 1980 pampu nyingi zikaingia ndani ya tangi, na ugonjwa wa kuchemka ukapungua sana, maana sasa hakuna safari ya kunyonya iliyobaki.

Gharama yake tunailipa sisi. Pampu inapozwa na petroli, nasi tuna desturi ya kununua lita tano tano na kuendesha taa ya onyo ikiwaka. Petroli ikipungua, pampu hufyonza hewa, hupata joto na kusagika kabla ya wakati wake. Nafasi kati ya sehemu zake zinazozunguka ni nyembamba mno. Mchanga na kutu vilivyotulia chini ya tangi huvutwa vikaikwaruze, hasa kile kichujio chake kikichakaa. Mwenye gari huona ameweka akiba, kisha hununua pampu.

Hata kiwanda hakina kinga. Mwaka 2020 Toyota iliita magari kwa mamilioni kwa sababu ya pampu za Denso. Gurudumu dogo la plastiki lililomo ndani lilikuwa na plastiki isiyoshikamana vya kutosha. Likanywa petroli, likavimba, likakwama kwenye kuta, na injini ikaweza kuzimika gari likiwa katika mwendo. Honda nao waliita ya kwao. Barua za namna hii hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana kule. Gari likisha vushwa hadi Dar es Salaam au Mombasa kama mtumba, barua haijui lilipo.

Kwa hiyo kazi imemrudia fundi wa mtaani. Katika magari mengi mfuniko wa pampu uko chini ya kiti cha nyuma. Kabla hajagusa bolti hata moja, fundi mzuri huomba redio izimwe na watu wanyamaze, huinamisha kichwa karibu na kiti, na kumwambia mwenye gari, “Mzee, washa swichi tu, usipige stata.” Katika magari mengi pampu nzima huvuma kwa sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Ikikaa kimya tangu mwanzo, huangalia kwanza fyuzi na rilei, ndipo afungue.