Panna (wilaya)

Panna ni wilaya ya jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya Uhindi, mbali na bahari. Ni nchi ya milima ya Vindhya na misitu mikavu ya misaji, na mto Ken hupita humo ukielekea Yamuna.

Utajiri wake mkubwa ni almasi. Majhgawan kuna mgodi wa mitambo, lakini cha pekee zaidi ni mashimo ya wananchi: mtu hukodi kiwanja kidogo serikalini, huchimba kokoto, huziosha, huzianika, kisha huzichambua kwa vidole. Jiwe likipatikana hupelekwa ofisi ya almasi, hunadiwa, na mchimbaji hulipwa baada ya kukatwa mrabaha.

Panna pia ina hifadhi ya wanyamapori, ambamo simbamarara walitoweka kufikia 2009. Mwaka huohuo wakaanza kurejeshwa, nao wamezaana vizuri, mafanikio yanayostahili sifa.