Arumeru Mashariki: namna ya kusoma kura za eneo dogo

Uchaguzi ukiisha, swali la kwanza mitaani na vijiweni ni moja: nani kashinda? Swali la pili, ambalo wengi hatuliulizi, ni watu wangapi walikwenda kupiga kura. Jimbo la Arumeru Mashariki, linalozunguka miteremko ya Mlima Meru kuanzia Usa River hadi Leguruki, King'ori na Ngarenanyuki, linaonyesha kwa nini swali hilo la pili lina uzito.

Mwezi Januari 2012 mbunge wa jimbo hilo, Jeremiah Sumari wa CCM, alifariki dunia. Uchaguzi mdogo ukapangwa Jumapili ya tarehe 1 Aprili, ambayo kwa Wakristo ilikuwa Jumapili ya Mitende. CCM ilimsimamisha Sioi Sumari, mtoto wa marehemu. Chadema ilimrudisha Joshua Nassari, kijana aliyekuwa ameshindwa na mzee Sumari mwaka 2010. Kampeni zilikuwa kali. Viongozi wa kitaifa wa pande zote mbili walipanda jukwaani, na ardhi ilitajwa karibu kila mkutano. Kwa Wameru ardhi si hoja ya kampeni tu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata wananchi walichanga fedha zao wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kupeleka malalamiko yao.

Matokeo yakatangazwa: Nassari kura 32,972, Sioi Sumari 26,757. Magari yakapiga honi, na magazeti yakaandika kwamba Arumeru imegeuka.

Sasa tupige hesabu. Daftari lililotumika lilikuwa na majina zaidi ya 127,000. Kura zilizopigwa zilikuwa kama 60,000. Maana yake, katika kila watu 100 walioandikishwa, wasiofika 50 ndio waliopiga kura, na aliyeshinda alichaguliwa na kama 26 kati ya hao 100. Zaidi ya watu 66,000 hawakupiga kura, na idadi hiyo ni kubwa kuliko kura za wagombea hao wawili zikijumlishwa.

Je, wote hao walipuuza? Hapana. Daftari lilikuwa la uchaguzi wa 2010. Jina la aliyefariki au aliyehamia mbali lilihesabiwa kana kwamba mtu huyo yupo, na kijana aliyetimiza miaka 18 baada ya hapo hakuwemo kabisa. Kwa hiyo mahudhurio madogo yana sehemu mbili: waliochoka au kukata tamaa, na majina yasiyo na watu. Anayekwambia kwamba 66,000 wale walikuwa wa chama fulani anabahatisha.

Hata hivyo Nassari alishinda kihalali, kwa kuwa sheria yetu inahesabu kura zilizopigwa tu. Mwaka 2015 alishinda tena.

Jirani yao, Arusha Mjini, palikuwa na mwelekeo kama huo. Godbless Lema wa Chadema alishinda mwaka 2010 na 2015, kisha mwaka 2020 akatangazwa mshindi Mrisho Gambo wa CCM.

Kilichotokea Arumeru baadaye ndicho kigumu zaidi kukisoma. Machi 2019 Nassari alipoteza ubunge kwa kutohudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo. Uchaguzi mdogo uliitishwa, lakini John Pallangyo wa CCM akapita bila kupingwa. Hakuna kituo kilichofunguliwa wala kura iliyopigwa. Huwezi kusema wananchi wa Meru walirudi CCM siku ile, wala kwamba hawakurudi, kwa sababu hawakuulizwa.

Msikilizaji, ukitaka kujua hali ya kijiji chako, usisubiri tamko la jimbo zima. Baada ya kuhesabu, nakala ya fomu ya matokeo hubandikwa kituoni. Tazama walioandikishwa, kisha waliopiga kura, kisha kura zilizokataliwa. Majina ya wagombea yasome mwisho. Ukiweza, piga picha fomu hiyo kwa simu yako, maana mvua ya milimani haikawii kuiharibu karatasi.