Mifuko ya chini ya macho: jua kwanza imejaa nini

Ramadhani inapoingia kumi la kati, maswali ninayopokea hubadilika. Mwanzo wa mwezi watu huniuliza kuhusu kiungulia na kichwa cha kukosa chai. Baadaye huuliza kuhusu macho. Taraweh, kisha baraza hadi usiku wa manane, kisha daku, kisha Alfajiri, na saa mbili asubuhi mtu yuko kazini na uso uliofura, mifuko miwili imemning'inia kama aliyelia usiku kucha. Idi nayo inakaribia, picha zitapigwa, na maduka ya vipodozi hapa Mombasa yamejaa vikebe vinavyoahidi kuiondoa kwa siku saba.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya maabara, na miaka mingi kazi yangu imekuwa kupima damu na mikojo ya watu, kwa hivyo makala haya yataanza machoni na kuishia kwenye mkojo. Mtanivumilia.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi ya mahali pengine popote mwilini, haifiki hata milimita moja. Kilicho chini yake hakijifichi. Mifuko hiyo hujaa kitu kimoja kati ya viwili, maji au mafuta, na mara nyingine vyote pamoja. Dawa ya maji si dawa ya mafuta, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayowasumbua wengi. Ukilala kichwa kikiwa sawa na mwili, maji hukusanyika usoni. Ukiamka na kutembea, huteremka. Kwa hivyo mfuko wa maji huwa mkubwa asubuhi na kupungua kufikia adhuhuri. Na maji hufuata chumvi. Sasa itazame meza ya futari ya Mwambao: bajia, kachori, viazi vya karai, sambusa, achari ya embe, na huko mbele daku la wali kwa papa mkavu aliyelala kwenye chumvi siku kadhaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyojificha kwenye mkate na achari. Papa simkatazi mtu, nami mwenyewe nampenda. Mroweke, maji yamwage, mroweke tena, na tui la nazi lisitiwe chumvi nyingine.

Ongeza mto mmoja chini ya kichwa. Lala kabla ya saa sita za usiku pale inapowezekana. Na wale wenye muguka shavuni hadi saa nane wasinitumie picha za macho yao, jawabu wanalo. Asubuhi, chovya kitambaa safi kwenye maji ya friji, ukikamue, ukiweke juu ya macho uliyoyafumba kwa dakika kama kumi. Ubaridi hukaza mishipa midogo ya damu na uvimbe hushuka. Barafu tupu isiguse ngozi. Vifuko viwili vya majani ya chai vilivyokwisha kutumika, vikapozwa frijini, vina faida ya ziada kwa sababu kafeini nayo hukaza mishipa. Tango lafaa pia, lakini kwa ubaridi wake tu. Kijiko cha chuma kilicholala kwenye friji hufanya kazi ile ile, na tango likabaki la kachumbari. Nafuu hiyo ni ya saa chache.

Mafuta ni habari nyingine. Nyuma ya kope kuna vijifuko vya mafuta vinavyoliegemeza jicho, vimezuiwa na utando mwembamba. Umri ukisogea, utando hulegea na mafuta husukumwa mbele. Kuna familia ambazo hali hii huanza mapema, hata kabla ya miaka thelathini. Ukiitazama picha ya nyanyako utajua. Simama mbele ya kioo, usiinue uso, inua macho tu utazame juu. Uvimbe ukizidi kutokeza, na ukiwa vile vile asubuhi na jioni, hayo ni mafuta zaidi kuliko maji. Hakuna krimu inayoyaondoa. Kinachoyaondoa ni upasuaji wa kope, kazi ya daktari bingwa, na kama ni kwa urembo peke yake, hukumu yake mwulizeni sheikh wenu.

Weusi chini ya macho haumo kwenye hesabu ya mifuko, ingawa watu huuchanganya. Elekea dirishani mwanga ukupige usoni: ukitoweka, kilikuwa kivuli cha mfuko, ukibaki, ni rangi ya ngozi yenyewe. Jua na kufikicha macho huuzidisha. Ndimu usithubutu, kwani maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi kuliko yale uliyokuwa ukiyakimbia.

Ukiona kope zimevimba ghafla na zinawasha, fikiria aleji kwanza. Vumbi, manyoya ya paka, manukato. Wanawake wetu wakumbuke piko, na wanaume wanaopaka ndevu rangi nyeusi wakumbuke vilevile: kemikali iliyomo kwenye rangi hizo inaweza kuvimbisha kope siku moja au mbili baadaye, hata kama haikugusa jicho. Mtu huwa amekwisha sahau kwamba alijipaka.

Sasa hivyo vikebe. Binti wa kakangu aliniletea kimoja mwaka jana. "Shangazi, nitazamie hii. Naambiwa yaondoa mifuko na weusi kwa wiki moja." Hakikuwa na orodha ya vilivyomo. Kilikuwa na onyo moja kwa maandishi madogo, kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha.

"Kwa hivyo nivue pete," akasema, "na ngozi je?"

Onyo hilo ni la kuliogopa. Kinachoharibu dhahabu kwa kuigusa ni zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana hutiwa kwenye krimu na sabuni za kung'arisha, na weusi wa chini ya macho hufifia kweli. Lakini hupenya ngozi, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Vikebe bado vinapita. Soma kibandiko: ukikuta neno mercury, mercurio, calomel au herufi Hg, kirudishe. Kisicho na orodha yoyote, kirudishe vilevile.

Habari hii si mpya hapa Kenya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Na protini ikivuja, damu hushindwa kuyashika maji yake, yakatoka na kukusanyika penye ngozi laini. Mahali pa kwanza pa kuonekana mara nyingi ni chini ya macho, asubuhi. Yaani krimu iliyonunuliwa kuondoa mfuko inaweza kuujaza, na mwenyewe akaongeza krimu. Zebaki hiyo haibaki kwake peke yake pia. Hushika taulo na mashuka, na mtoto anayelala kifuani anapata sehemu yake.

Krimu nyingine zina steroidi kali. Zikipakwa karibu na jicho kwa miezi huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, mbali na kuikondesha ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Walio na tyubu ya dawa ya bawasiri waiache kwenye kazi yake.

Wanaonitia hofu zaidi ni watoto. Ugonjwa huo wa figo huwapata hata ambao hawajaguswa na krimu, hasa wa miaka miwili hadi sita. Mtoto anaamka macho yamevimba, mchana yanapungua, nyumbani wanasema ni mafua, au kijicho cha watu. Anasomewa, na kusomewa ni kheri, lakini wiki zinapita na tumbo na miguu vinaanza kujaa. Akifikishwa hospitali mapema, wengi huitikia dawa vizuri. Mja mzito naye akivimba uso ghafla, au akiumwa na kichwa na kuona maluweluwe, aende kliniki siku hiyo hiyo. Mtu mzima aliyevimba uso, anayechoka na kuhisi baridi Mombasa hii, apimwe tezi ya shingo.

Kipimo cha kwanza cha figo ni kijiti kinachochovywa kwenye mkojo. Kisehemu cha protini huwa cha manjano. Kikigeuka kijani, kuna protini, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Jawabu hupatikana baada ya dakika moja au mbili, kwa gharama ndogo kuliko vingi vya vikebe hivyo. Lete mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye chupa tuliyokupa sisi, si ya soda wala ya dawa ya kikohozi. Usichukue wa mwanzo, achia kidogo ndipo ukinge. Na kama huwa unatoa povu jingi lisilotulia chooni, mwambie daktari hata asipokuuliza. Kikebe cha krimu unayotumia njoo nacho, na kibandiko chake usikibandue.