Jino la Mtoto ni Daftari

Leo tunasimulia historia ya jino. Tutaona jinsi wataalamu walivyogundua kwamba jino huhifadhi habari za maji aliyokunywa mtoto na sumu iliyomwingia, na kwa nini habari hiyo inatuhusu sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe.

Kwanza tujue jino ni nini. Ganda lake gumu la nje, liitwalo enameli, ni madini karibu tupu, hasa kalsiamu na fosfati. Meno ya utoto huanza kuwekwa madini mtoto angali tumboni, mimba ikikaribia miezi minne. Yale ya ukubwani huanza karibu na siku ya kuzaliwa, na enameli ya mengi yao hukamilika kabla ya miaka 8. Mfupa huendelea kujijenga upya maisha yote, lakini enameli ikishakamilika haijengwi tena. Kilichoingia wakati wa ujenzi hubaki humo, kama alama ya mguu kwenye saruji iliyokauka.

Je, daftari hilo husomwaje? Njia moja kubwa ni mwanga. Huenda umeona maji ya chumvi yakifurika sufuriani na kumwagikia jiko la gesi: moto wa buluu hugeuka manjano. Rangi hiyo inatoka kwenye chumvi. Mwaka 1860 wataalamu wawili wa Heidelberg, Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, walionyesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa rangi zake maalumu, kama vile kila mtu ana alama yake ya kidole gumba. Elimu ya kutambua vitu kwa mwanga wao huitwa spektroskopia.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Waliohamia wakiwa watu wazima hawakuwa nayo. Alitafuta sababu kwa miaka mingi. Mwaka 1923 aliitwa mji wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi wa huko walimweleza kwamba madoa yalianza baada ya mji kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi yenye joto. McKay aliyapima asione kitu, ila aliwasikiliza wazazi na kushauri bomba hilo liachwe. Baada ya miaka michache, meno mapya ya watoto yaliota bila madoa.

Jibu lilipatikana mwaka 1931. Mkemia H. V. Churchill, wa kampuni ya alumini, aliyapima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, kwa spektroskopia. Mwanga ulionyesha kitu ambacho vipimo vya kawaida havikukitafuta: floraidi, miligramu 13.7 kwa lita. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Floraidi kidogo huimarisha jino, bali ikizidi wakati jino linajengwa huliharibu.

Jambo hili lipo pia kwetu Afrika Mashariki. Katika Bonde la Ufa, sehemu za Nakuru, na kule Arusha, Tanzania, miamba ya volkano hutia floraidi nyingi katika maji. Kwa hivyo mtoto aliyelelewa huko kisha akahamia Likoni aweza kuja na meno ya kahawia. Si uchafu, na mama yake si mvivu wa kumpigisha mswaki. Tusimcheke, wala tusimkwangue meno kwa mkaa au mchanga. Mpeleke kwa daktari wa meno.

Lakini kuna maandishi mengine ambayo macho hayaoni. Ni ya risasi, ile metali inayowekwa ndani ya betri za magari. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaihifadhi ndani ya mifupa na meno. Mwaka 1979 daktari wa watoto Herbert Needleman, huko Massachusetts, Marekani, alichapisha utafiti uliopima meno ya utoto yaliyong'oka ya watoto zaidi ya 2,000 wa shule. Hawakuonekana wagonjwa, ila waliokuwa na risasi nyingi menoni walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya akili na usikivu darasani. Ushahidi kama huo ulisaidia kuondoa risasi katika petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya nayo ilikuwa imeiacha.

Mombasa inalijua jina la sumu hii. Huko Mikindani, upande wa Changamwe na Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi jirani na kijiji cha Owino Uhuru hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, mama aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mtoto wake mchanga aliathirika, aliongoza wanakijiji kudai haki. Mwaka 2015 watafiti walipima damu ya watoto 130 wa Owino Uhuru na wa kijiji cha Bangladesh, kilicho mbali na kiwanda. Wastani wa risasi Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita, na Bangladesh 3.7. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa zilifuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliwapa wakaazi haki yao.

Mama, fahamu kwamba damu huonyesha hasa risasi ya siku za karibuni, lakini jino hukumbuka ya miaka. Kwa miale ya leza wataalamu hulisoma jino tabaka kwa tabaka, na hata kutofautisha kilichoingia mtoto akiwa tumboni na kilichoingia baada ya kuzaliwa. Ndiyo sababu kinga huanza kwenye mimba.

Basi tufanye nini?

Usiruhusu betri kuvunjwa au kuyeyushwa nyumbani au uani. Anayefanya kazi hiyo aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, na umwoshe mtoto mikono kabla ya kula. Mpe dagaa, maziwa, maharagwe na mboga za majani. Mtoto mwenye upungufu wa madini hufyonza risasi zaidi. Ukiwa na wasiwasi, omba kipimo cha damu hospitalini, kwani hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kuhusu floraidi, kuchemsha maji hakuiondoi. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo yaweza kuwa nayo. Dawa ya meno iwe kama punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na kama punje ya mbaazi kuanzia miaka 3 hadi 6. Mfundishe kuitema.

Mtoto wako aking'oka jino la kwanza, furahini pamoja. Linalofuata tayari limejengwa ndani ya taya, kwa yale uliyomlisha na yale uliyomkinga nayo.