Punguza Mawazo, Asema Daktari

Mara ya mwisho nilipokwenda kupimwa presha, daktari aliitazama mashine, akatikisa kichwa, akaandika jina la dawa kwenye karatasi, kisha akaniambia, "Mzee, punguza mawazo." Nilimshukuru, nikatoka. Nilipofika kituo cha basi ndipo swali liliponijia: hupunguzwa vipi? Mwenye nyumba wangu alikuwa amepandisha kodi mwezi uleule, na hayo hayakuwa mawazo, zilikuwa shilingi.

Basi juma hili, msikilizaji, nimeona tuangalie jinsi wanadamu walivyokuja kujua kinachotokea mwilini mtu anaposongwa. Habari yenyewe si ya kale, na sehemu yake kubwa tumefundishwa na wanyama.

Inaanzia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwishoni mwa mwaka 1896. Eksirei zilikuwa zimegunduliwa Ujerumani mwaka mmoja tu nyuma. Mwanafunzi wa udaktari, Walter Cannon, alianza kuzitumia kutazama chakula kinavyosafiri tumboni mwa wanyama. Aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na bismathi, madini yanayoonekana kwenye eksirei, akawa anatazama matumbo yao yakisukuma. Lakini mara nyingine tumbo lilisimama ghafla. Mtu mwingine angelaani mashine. Cannon alimtazama paka, akagundua kwamba tumbo lilisimama kila paka alipofadhaika au kukasirika, na alipotulia likaanza kazi tena.

Jambo hilo hakuliacha. Mwaka 1911 yeye na mwenzake walichunguza damu ya paka aliyetulia, kisha damu ya paka aliyebwekewa na mbwa. Katika ile ya pili walikuta adrenalini, kemikali itokayo katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kitabu chake cha mwaka 1915 kilieleza maana yake. Mwili ukiona hatari hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, sukari humwagwa katika damu, misuli huletewa damu zaidi, na shughuli za tumbo huahirishwa, kwa kuwa mtu anayefukuzwa na simba hana haja ya kumeng'enya ugali. Hapo hakuna ugonjwa wala udhaifu wa moyo. Ni mwili unaofanya kazi yake.

Laiti majenerali wangemsoma. Mwaka huohuo Ulaya ilikuwa vitani, na hospitali za jeshi zilijaa vijana waliotetemeka, waliopoteza sauti, waliotoka usingizini wakipiga mayowe, bila jeraha la kuonekana. Wengine walitibiwa. Wengine waliitwa waoga. Uingereza iliwapiga risasi askari wake zaidi ya 300 kwa makosa kama kutoroka na woga, na baadhi yao walikuwa wagonjwa wa mshtuko huohuo wa vita. Msamaha wa serikali kwa 306 kati yao ulitoka mwaka 2006, wakati wajane wao wengi walikwisha kufa na aibu ile.

Kama mwili una kitu cha kuukimbiza, sharti uwe na breki pia. Ushahidi wake uliletwa na vyura, katika mji wa Graz, Austria. Otto Loewi alisimulia kwamba aliota jaribio hilo usiku, akaandika kwenye kikaratasi, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja kuche, akaenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura ambayo bado ilikuwa ikipiga ndani ya maji ya chumvi. Wa kwanza aliuchokoza ile neva iitwayo vagasi, itokayo kwenye ubongo kushuka hadi kifuani na tumboni, na moyo ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo, akaumiminia wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna aliyeugusa. Neva ilikuwa imetoa dawa ya utulivu ndani ya maji yale. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921, na mwaka 1936 Loewi akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi walimtia gerezani kwa kuwa alikuwa Myahudi, wakamlazimisha kukabidhi fedha za tuzo ndipo wamwache aondoke. Mtu aliyeionyesha dunia breki ya moyo!

Breki hiyo unaweza kuikanyaga sasa hivi ulipokaa. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono, uvute pumzi, kisha uitoe polepole. Wengi wetu mapigo hupungua kidogo pumzi inapotoka, na ni vagasi hiyo inayofanya kazi. Pale pale Harvard, daktari Herbert Benson aliwapima watu waliokaa kimya wakirudia neno moja moja moyoni, akakuta pumzi na mapigo yao yameshuka, na mwaka 1975 akaandika kitabu kilichosomwa na wengi. Bibi zetu wenye tasbihi na rozari hawakungoja kitabu hicho.

Yupo mwingine ambaye wengi humtaja kwanza, Hans Selye wa Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alionyesha kwamba panya waliosumbuliwa kwa muda, iwe kwa baridi au kwa sumu, walipata madhara yaleyale: tezi za juu ya figo zilivimba na tumbo likatoka vidonda. Yaani kengele ya hatari isiyozimwa huila nyumba yenyewe. Ni yeye aliyelitangaza jambo hili duniani. Lakini nyaraka za makampuni ya sigara, zilizofunguliwa baada ya kesi za Marekani za miaka ya 1990, zimeonyesha kwamba yalimlipa, naye akasema sigara yaweza kumsaidia mtu kustahimili msongo. Tangu nijue hilo, nikiambiwa shida yangu iko kichwani, huuliza kwanza anayesema anauza nini.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1978 kijana wa Kimarekani, Robert Sapolsky, alifika Maasai Mara kuwachunguza nyani. Aliwapiga kwa mishale ya dawa ya usingizi, akawatoa damu na kupima kotisoli, homoni nyingine ya tezi zilezile. Nyani wa Mara hawashindi njaa. Humaliza kula mapema, saa zinazobaki wakasumbuana. Sapolsky alikuta kwamba, mambo yakiwa shwari, madume wa chini ndio waliokuwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika. Hawakuwa na simba nyuma yao. Walikuwa na wakubwa wao.

Kisha mnamo mwaka 1983 madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jaa la hoteli ya watalii. Humo mlikuwa na nyama yenye kifua kikuu. Wakafa karibu nusu ya madume wote wa kundi, na wapole, ambao hawakuthubutu kwenda jaani, wakabaki. Sapolsky aliporudi kulichunguza kundi hilo mwaka 1993, hata wale wapole hawakuwepo tena. Madume wote walikuwa wageni waliokulia makundi mengine. Hata hivyo upole ulikuwa umebaki: wakubwa hawakuwatesa wadogo ovyo, majike waliwapokea wageni vizuri, na madume wa chini hawakuonyesha zile dalili za msongo. Yeye na mkewe, Lisa Share, walichapisha habari hiyo mwaka 2004.

Mimi natumia dawa niliyoandikiwa, na jioni natoa pumzi polepole kama nilivyoeleza. Inasaidia. Lakini mwezi ujao daktari akiniambia tena nipunguze mawazo, nitamwomba ile karatasi ya pili amwandikie mwenye nyumba.