Ruhusa ya Kutoka Nje: Kanuni za Mwendo Masisi na Walikale, tangu Ukoloni hadi Korona

Kanuni zinazosema nani atoke nje, saa ngapi na kwa shughuli gani si jambo geni Masisi na Walikale, teritori mbili za Kivu Kaskazini zilizo magharibi mwa Goma. Masisi ni nchi ya milima, malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi na maharagwe, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 4,700. Walikale ni nchi ya msitu. Kwa kilomita zake za mraba zaidi ya 23,000 ndiyo teritori kubwa kuliko zote za jimbo. Pande zote mbili barabara za gari ni chache na mbovu, na watu wengi hufika shambani, sokoni, machimboni na hospitalini kwa miguu. Kwa sababu hiyo, kila aliyetaka kuitawala nchi hii alianza kwa kuzitawala njia zake. Korona ilipoingia mwaka 2020, ubishi juu ya kutoka nje ulikuta historia ndefu ikiusubiri.

Wabelgiji ndio waliouweka mwendo wa watu kwenye karatasi. Chini ya dekreti ya mwaka 1933 kuhusu tawala za wenyeji, aliyetaka kukaa mbali na kwao kwa zaidi ya siku 30 alipaswa kuwa na kibali. Wakati huohuo serikali iliyowafunga wenyeji mahali pamoja iliwahamisha wengine kwa maelfu: kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, mpango wake wa uhamiaji ulileta Wanyarwanda wapatao 85,000 Kivu, wengi wao wakiwekwa Gishari, katika nchi ya Wahunde wa Masisi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, siku za kazi ya lazima kwa mwaka ziliongezwa kutoka 60 hadi 120, na watu wa msituni wakapelekwa kutafuta mpira na kutengeneza barabara. Mwaka 1944 wafuasi wa Kitawala, vuguvugu la kidini, wakiongozwa na Bushiri, waliasi upande wa Masisi na Lubutu, na serikali ikawakandamiza kwa askari.

Baada ya uhuru amri ilibadili jina. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulileta salongo, kazi ya pamoja ya kufagia, kufyeka na kuziba mashimo ya barabara, ambayo raia alidaiwa kuifanya bila malipo. Hapa kosa lilikuwa kubaki ndani. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza, katika maisha yake, kuadhibiwa kwa kutoka bila kibali na baadaye kuadhibiwa kwa kutotoka alipoitwa.

Vita viliongeza mikono inayodai kibali. Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa sokoni Ntoto, Walikale, na mauaji yakaenea hadi Masisi. Tangu hapo soko, ambalo ndilo mkusanyiko mkubwa wa wiki, likawa pia mahali pa hatari. Makundi ya silaha yaliyofuata yaliishi kwa kutoza njia. Kodi moja ilipewa jina la lala salama, yaani malipo ya kuachwa ulale bila kuvamiwa. Kundi la NDC-R, lililokuwa na ngome Pinga, liliwatoza watu wazima faranga 1,000 za Kongo kila mwezi na kuwapa jeton, kikaratasi cha kuonyesha njiani. Aliyekutwa bila hicho alipigwa au kufungwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu bariyeri, yaani vizuizi vya njiani, 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, za askari wa serikali na za makundi.

Ugonjwa nao ukaleta bariyeri zake. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Beni ulifika Goma Julai 2019, na Agosti mwaka huo kisa kilithibitishwa Pinga. Kwenye vituo vya ukaguzi msafiri alishuka, akanawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto la mwili kwa kifaa kilichoelekezwa kwenye paji la uso. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Watu wa Kivu Kaskazini waliingia katika korona wakiwa tayari wamezoea ndoo ya kunawia barabarani, na wengine wakiwa tayari na shaka na wanaoisimamia.

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye Rais Félix Tshisekedi alipiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, akafunga shule, makanisa, baa na michezo ya viwanjani. Tarehe 24 Machi akatangaza hali ya dharura. Mwanzoni mwa Aprili gavana wa Kivu Kaskazini, Carly Nzanzu Kasivita, aliitenga Goma na sehemu nyingine za jimbo. Magari ya abiria yalizuiwa, ya bidhaa yakaruhusiwa.

Katika nchi nyingine ndiko mazoezi ya nje yalikogeuka kuwa ugomvi wa waziwazi. Uganda ilipofunga shughuli mwishoni mwa Machi 2020, wakazi wengi wa Kampala walitoka kukimbia, na makundi yao yakajaa kwenye barabara ya Northern Bypass. Mwezi Aprili Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku kukimbia nje, kisha akatoa video akiwa peku ofisini mwake, akikimbia juu ya zulia na kupiga pushapu 30. Waliomuunga mkono walisema kundi la wakimbiaji ni mkusanyiko kama mwingine. Waliompinga walisema nyumba ya chumba kimoja haina zulia la kukimbilia. Kenya ilifunga kambi za wanariadha, na huko Iten polisi waliwakamata waliokutwa wakifanya mazoezi kwa kundi. Afrika Kusini ilikataza kabisa kukimbia nje kwa wiki tano, halafu kuanzia tarehe 1 Mei ikaruhusu kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, ndani ya kilomita tano kutoka nyumbani. Ufaransa iliruhusu saa moja kwa siku ndani ya kilomita moja.

Kanuni hizo zote zilisimama juu ya mgawanyo mmoja: kazi upande huu, mazoezi upande ule. Katika Masisi na Walikale mgawanyo huo haukuwa na pa kusimama. Mkulima anayepanda mlima na jembe, mwanamke anayebeba mzigo mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kijana anayesukuma chukudu, baiskeli ya mbao, yenye makala au viazi, mbebaji anayevuka msitu na gunia la kasiterite, madini ya bati, kutoka machimboni: hao wote walitumia miguu na mapafu kuliko mkimbiaji wa Kampala, lakini hakuna kanuni ya mazoezi iliyowahusu. Kilichowahusu ni soko na barabara. Hivyo ubishi uliokuwa wa viatu vya kukimbilia mahali pengine, hapa ulikuwa wa chakula.

Goma hula maharagwe, viazi, maziwa na jibini ya Masisi, na mchuuzi wa Masisi hununua Goma chumvi, sabuni na mafuta. Amri ya kupitisha mzigo na kuzuia abiria ililinda tumbo la mji, lakini ilimtenga mwenye mzigo na mnunuzi wake. Katika kambi za wakimbizi wa ndani tatizo lilikuwa kinyume: vibanda vilibanana kiasi kwamba kukaa ndani kulimsogeza mtu karibu na mwenzake kuliko kukaa nje. Tafiti zilizofuata duniani zilionyesha kwamba virusi huenea kwa urahisi zaidi ndani ya nyumba zisizopitisha hewa kuliko hewani wazi. Kwa kipimo hicho, mteremko wa Masisi ulikuwa salama kuliko kibanda. Vita navyo havikungoja: Julai 2020 NDC-R iligawanyika vipande viwili vikapigana, na watu wakakimbia bila kuulizwa barakoa.

Hali ya dharura ilikwisha Julai 2020. Biashara zilifunguliwa kwanza, kisha shule, na tarehe 15 Agosti makanisa, viwanja vya mpira na mipaka. Desemba ikaja amri ya kutotoka nje nchi nzima, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mei 2021 jimbo likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwezi huohuo, tarehe 22, mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Maelfu kwa maelfu walitembea hadi Sake, mlango wa Masisi, wakasongamana humo wakati kanuni za kutokaribiana zikiwa bado na nguvu. Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliteka Masisi-kati na Goma, na Jumamosi za salongo ya lazima zikarudi mjini.

Historia hii inaeleza kwa nini amri za afya zilipokelewa kwa mashaka. Mlinzi wa ugonjwa alisimama palepale aliposimama mtoza kodi, na mara nyingi alidai jambo lilelile: simama, onyesha, subiri. Kanuni ya kutoka nje yenye nafasi ya kutiiwa Masisi na Walikale ni ile inayotenganisha wazi ukaguzi wa afya na kodi, inayoacha njia ya shamba na soko wazi, na inayotungwa pamoja na wanaotembea njia hizo.