Kadi ya Picha katika Seva ya Nyumbani
Kabla ya mwaka 2011, aliyehifadhi filamu zake katika seva ya nyumbani hakuwa na budi kuitwika prosesa taabu yote ya kugeuza video ili ionekane katika simu au televisheni, feni zikivuma usiku kucha; ndipo Intel ilipoleta Quick Sync, kifaa cha kugeuza video ndani ya prosesa zake, na mwaka uliofuata Nvidia ikatoa NVENC, kifaa cha namna hiyo, katika kadi zake za kizazi cha Kepler. Ajabu ni kwamba kadi za kawaida za Nvidia ziliwekewa mpaka wa video mbili kwa wakati mmoja, ilhali chombo chenyewe kiliweza zaidi: hila ya biashara, kwa rai yangu. Mwaka 2022 ikadhihiri Arc A380 ya Intel, kadi ndogo yenye uwezo wa kusimba video katika muundo wa AV1; nayo katika Linux haitumikii Jellyfin, programu ya seva ya filamu, mpaka akaunti inayoiendesha programu hiyo iruhusiwe kuifikia /dev/dri, saraka ya kuifikia kadi ya picha.